Mlima wa Mama Mkwe

Tangu turudi, kila Jumapili baada ya ibada mnanizunguka mlangoni: Mama Esta, tuambie, mlipotelea wapi, mlikula nini, ni kweli mzungu aliwaokoa? Na kila nikianza, mmoja wenu anadakia na kumalizia kwa uongo wake. Basi naandika mara moja, msome, mniache. Mambo ya tikiti na chumba nimeyaruka, hayana utamu, na yote aliyafanya Pascal kwenye simu. Mama mkwe anajua kwamba naandika. Amesema, "Andika, lakini usiseme kama nililia." Sitasema.

Schaerbeek

Hasira yangu mnaijua, ila hamjui ilianzia wapi. Esta wangu ana miaka minne na hajasema neno. Hasemi maman, hasemi maji. Akitaka kitu anakuvuta kidole mpaka mbele ya kitu chenyewe, na usipoelewa analala chini na kulia mpaka majirani wa juu wanagonga sakafu. Daktari alituambia kuna shule ndogo upande wa Molenbeek wanakofundisha watoto kama yeye kwa picha. Mtoto anataka maji, anang'oa picha ya maji, anakuwekea mkononi, unampa maji. Basi. Mimi sikungoja, nilianza nyumbani. Nikabandika picha kwenye firiji: maji, mkate, choo, bustani, papa, maman.

Mama mkwe alikuja kutoka Bukavu kukaa nasi hapa Schaerbeek, Ubelgiji. Nilipotaka kumpiga picha nimbandike na yeye, ili mtoto aweze kumwita koko wake, yaani bibi yake, alijifunika uso kwa kitenge.

"Mimi sibandikwe kwa frigo kama bei ya nyama."

"Ni juu ya mutoto, Mama."

"Mutoto iko na kinywa. Siku moja atasema. Ile shule yenu itamufundisha kunyamaza."

Kwake dawa ilikuwa moja. Pascal alipokuwa mdogo aliugua mpaka watu wakaanza kulia nje, na mama yake alipanda mlima, akafunga, akaomba, akashuka akamkuta mtoto anakunywa uji. Ninyi wa Kivu sina haja ya kuwaeleza. Kwetu mtu mwenye shida kubwa haendi ofisini, anapanda mlima. Kwa hiyo Esta hakuhitaji shule, alihitaji mlima. Wiki baada ya wiki, mlima. Na Pascal, mume wangu ninayempenda, alikuwa anakula katikati yetu bila kuinua kichwa. "Mimi niko katikati," ndilo neno lake. Hakuna kinachonichoma kama mtu aliye katikati.

Siku moja nilitua sufuria mezani kwa nguvu mpaka mchuzi ukaruka. Nikamwambia, "Bon. Twende kwa huo mulima. Mimi na weye. Nikifika juu na kuomba, Esta anaanza shule na weye hausemi neno tena."

"Na ukishindwa njiani?"

"Nikishindwa, anabaki nyumbani na weye, munaomba."

Alinitazama kuanzia kucha mpaka nywele. "Weye? Mutu ya kupanda lifti?"

"Mimi."

Hapo ndipo Pascal alipoinua kichwa. "Lakini Ubelgiji hakuna mlima," alisema.

Huo ndio ulikuwa mchango wake. Baadaye akatutafutia mlima wa kweli Ufaransa, kwenye milima ya Vosges, na njia ambayo simu ilisema ni tulivu na ina alama chache. Alifikiri utulivu utatufaa.

Treni

Tuliondoka mwishoni mwa Novemba kutoka stesheni ya Luxembourg ya hapa hapa mjini, ile iliyo karibu na ofisi ninazosafisha alfajiri. Nilikuwa nimekaanga mandazi, mfuko mzima. Mama mkwe aliuona mlangoni.

"Tunaenda kufunga ao tunaenda harusi?"

"Ni ya kula tukishuka, Mama."

"Tukimaliza kuomba tutanunua kwa batu ba mulima." Akauchukua mfuko, akampa Pascal.

Sasa mtacheka, lakini sikubisha. Kwetu mlima ni watu. Ukipanda unakuta mashamba ya maharage mpaka juu, mama mmoja ameketi njiani na viazi vitamu vya moto, watoto wanakukimbilia, mtu anaswaga ng'ombe. Mlima usio na watu sikuwa nimewahi kuuona. Nimekaa Ulaya miaka mingi, nimezaa huku, na bado niliyaacha mandazi yangu nikitegemea viazi vya mzungu njiani.

Treni ilikwama katikati ya msitu, bado tukiwa Ubelgiji. Mti ulikuwa umelalia reli. Tukakaa, joto likazimwa, madirisha yakapata ukungu. Mbele yetu aliketi mzee Mmoroko wa Molenbeek, mwenye kofia ya sufu, anakwenda kumwona mwanawe katika mji wa Metz. Akatoa mandarini, yale machenza madogo, akaanza kumenya, harufu ikajaa behewa lote. Akampa mama mkwe moja. Mama mkwe, ambaye Kifaransa chake ni bonjour, merci na pardon, aligusa tumbo, akatikisa kichwa, akaonyesha kidole juu.

Mzee akasikitika. Akafungua begi, akatoa vidonge vya tumbo.

"Hapana, papa," nikamwambia kwa Kifaransa, "haumwi. Amefunga. Anaomba kwa ajili ya mjukuu wake."

"Ah!" Akapiga goti lake kwa furaha. "Si mngesema! Kufunga tunakujua sisi!" Akainuka, akamtumbukizia mandarini kwenye mifuko ya koti, upande huu na upande huu, mpaka koti likavimba. "Za jioni, maman. Jua likizama."

"Huyu Muislamu iko na roho nzuri," mama mkwe akaniambia kwa sauti.

"Mama, neno Muislamu analisikia."

"Asikie. Si ninamusifu?"

Tulifika Strasbourg tumechelewa mpaka treni ya mwisho ilikuwa imekaribia kutuacha, na kijijini, chini ya mlima, tukaingia chumbani kwetu usiku. Mimi nililala na njaa kwa ukaidi. Nilisema kama yeye anafunga, na mimi nafunga, asije akasema niliomba nikiwa nimeshiba.

Msalaba wa njano

Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa juu ya kijiji kama mfuniko. Mama mkwe alivaa mabuti ya mpira tuliyonunua soko la Molenbeek, suruali ya Pascal, na juu yake kitenge, kwa sababu hapandi mbele ya Mungu na suruali. Nyumba ya mwisho, kisha daraja la mbao, kisha msitu. Majani yote yalikuwa chini, mekundu na kahawia, yamefika kwenye vifundo vya miguu, na njia chini yake huioni. Ni lazima utafute alama. Nikaangaza macho kwenye miti, nikaiona: kwenye gome, ndogo kama kiganja, imepakwa rangi ya njano, imefifia. Msalaba.

Mama mkwe alisimama akaweka mkono kifuani.

"Unaona? Unaona! Bametuwekea musalaba!"

"Mama, ni alama ya njia. Njia nyingine zina duara, nyingine zina..."

"Bametuwekea musalaba," akarudia, na kuanzia hapo akapanda kama msichana. Kila mti wenye alama aliugusa na kusema asante. Alikuwa anaimba. Mimi nilikuwa nyuma, naanguka, nainuka, nasema maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa watu wa kwaya.

Hatukukutana na mtu. Nilikuwa nasikiliza kama nitasikia hata mbuzi. Kimya tu, na maji yakidondoka. Tulipotoka kwenye msitu wa chini tukaiona nyumba kubwa ya shamba, paa refu, zizi, na ubao ulioandikwa kwamba hapa wanapika chakula. Nilikaribia kulia. Nikagonga. Nikazunguka nyuma, nikagonga. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa mbao. Kwenye zizi hakukuwa na hata kinyesi kibichi. Karatasi mlangoni ilisema ng'ombe wameshuka bondeni, watu wameshuka, watarudi majani mapya yakiota.

"Banasema nini?"

"Wanasema watu wa mlima wako wameenda kwao."

"Mulima bila batu?" Alitazama huku na huku kama mtu aliyeibiwa. "Ni mulima gani huyu?"

"Ni huu uliofanya niache mandazi!"

Hapo tukagombana. Nilimwambia mambo ya frigo, mambo ya Pascal, mambo ya namna anavyomfunika Esta kitenge kichwani wakija wageni. Hilo sikuwa nimewahi kulisema. Yeye alingoja nimalize, kisha akasema polepole, "Weye hauombei mutoto. Weye unaombea shule."

Nilimpa mgongo nikapanda.

Njia panda

Nilipanda kwa hasira, na hasira ni mafuta mazuri, ila huisha upesi. Njiani kila palipogawanyika nilisimama, nikatafuta msalaba wa njano, kisha nikavunja tawi bichi la msonobari nikalilaza kukingama njia mbaya. Mnajua wenyewe. Kwetu anayetangulia anawafungia njia mbaya wanaofuata. Hata kama mmegombana. Hata kama anayefuata ni huyo. Nilikuwa navunja matawi nikisema, "Mutu ya kupanda lifti, eh? Mutu ya kupanda lifti," lakini nilikuwa navunja.

Njiani nilipishana na mtu mmoja tu, mama mzungu mwenye nywele nyeupe, fimbo mbili na mbwa mnene, anashuka. Nikamsalimia, nikamuuliza kama juu ni mbali. Akasema si mbali, upepo tu. Akaendelea kushuka.

Msitu ukaisha ghafla. Mbele yangu nyasi tupu za rangi ya ngozi ya simba, ukungu uko chini yangu, jua lipo, na kule mwisho wa nyasi lundo la mawe. Ndiyo juu yenyewe. Ni kama kutoka kwetu mpaka kituo cha tramu. Watoto wangekimbia.

Niliketi kumngoja. Sikutaka nifike peke yangu halafu aseme sikufika. Nilingoja mpaka jasho likakauka nikaanza kutetemeka. Nikaita. Nikaita tena. Mbele yangu mawe yale, na kwenye mawe yale shule ya Esta. Nilijiambia: kimbia, gusa, omba, rudi, ni dakika chache. Lakini jua lilikuwa limeshaanza kuinama, na siku za Novemba hufungwa kama mlango wa duka. Na yeye hana simu ya huku. Na Kifaransa chake ni bonjour, merci, pardon.

Nilishuka mbio.

Kwenye njia panda ya pili tawi langu halikuwepo. Lilikuwa pembeni, limetupwa vizuri mtaroni, pamoja na matawi mengine, kama vile mtu amefagia uwanja. Na pale kwenye mti wa njia mbaya, alama mpya kabisa, inang'aa. Msalaba. Wa buluu.

Nilielewa yote mara moja. Njia ya buluu inakwenda kwingine kabisa, lakini mama mkwe hakuwahi kutazama rangi. Kwake msalaba ni msalaba. Kwenye tope nikaona nyayo za mabuti ya Molenbeek, zimeingia bila kusita.

Sitawadanganya: hasira yote ilinitoka na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Nilikuwa nakimbia naita "Mama! Mama!" na nikifikiri nitamwambia nini Pascal. Na nikamfikiria Esta, namna anavyolala chini na kulia kwa sababu anajua anachotaka na hakuna aliye na sikio la kumsikia.

Kibanda

Mbwa ndiye aliyenijibu. Kisha nikaona kibanda cha mbao cha wawindaji, na mlangoni, kwenye benchi, wamekaa wawili kama wanangoja basi: mama mkwe amevalishwa kofia isiyo yake, na yule mzungu mwenye nywele nyeupe. Kati yao termosi ya chai na maganda ya mandarini.

"Umechelewa," mama mkwe akaniambia. Sauti yake haikuwa sawa. Zaidi ya hapo nimekatazwa kusema.

Mzungu alisimama. Jina lake Odile, anakaa kijijini, anatembea njia hizi kila siku na mbwa wake. Aliniuliza, "Matawi yale, ulikuwa wewe?"

"Mimi. Kwetu ndivyo tunavyofunga njia."

Alishika mdomo. "Nilidhani ni upepo. Huwa naondoa matawi ili watu wasijikwae. Yote nimeyaondoa! Baadaye, nimeshakata kwa njia ya mkato, mbwa akapiga kelele upande huu, nikaja, nikamkuta mama huyu anazunguka." Uso ulikuwa mwekundu kwa aibu. "Nisamehe. Lakini ameniambia kila kitu. Kwamba wewe ni mke wa mwanawe, kwamba unatembea haraka sana, na kwamba mmegombana."

"Amekuambia kwa lugha gani?"

Odile akaonyesha chini kwa fimbo. Mbele ya benchi majani yalikuwa yamefagiwa, na kwenye udongo kulikuwa na michoro. Mlima. Mwanamke mmoja mdogo nyuma, na mwingine mbele mwenye nywele kubwa na mdomo wazi. Huyo mwenye mdomo ni mimi. Nyumba yenye madirisha ya mbao. Misalaba mingi. Na pembeni, mtoto, na mdomo wa mtoto umefungwa kwa mstari mmoja.

Odile naye alikuwa amechora: saa, jua, watu wawili wameketi na mbwa. Maana yake, tukae hapa, atashuka.

"Hakunipigia kelele," mama mkwe alisema akitazama michoro yake. "Bazungu bengine, usipoelewa, banasema nguvu zaidi. Huyu alinyamaza, akatafuta fimbo."

Mimi! Nilikuwa na maneno mengi, mazuri, ya kuchoma, na yote nikayameza na chai ya Odile.

Tulishuka sote watatu, jua likiwa limegusa ukingo wa mlima. Odile alitupeleka kwake akatupa viazi vya kuchemsha na jibini la pale kwao. Lile jibini, jamani. Harufu yake ilitangulia kufika mezani kabla ya sahani. Mama mkwe aliinama sikioni mwangu: "Imeoza. Tumuambie?" Nikamwambia ndivyo linavyoliwa. Alifunga macho, akaombea chakula kwa muda mrefu kuliko kawaida, akala. Akala tena. Ndipo akatoa mandarini ya mwisho mfukoni akaiweka mbele ya Odile kwa mikono miwili.

Strasbourg mpaka nyumbani

Kwenye jukwaa la stesheni tulingoja treni ambayo ubao ulisema inakuja, kisha inachelewa, kisha haukusema kitu. Mama mkwe alikaa na mkoba magotini.

"Haukufika juu," alisema.

"Sikufika."

"Tulipatana ukifika."

"Tulipatana, Mama. Najua."

Treni nyingine ikapita bila kusimama.

"Uliiona, ile juu?"

"Niliiona."

"Ilibaki mbali?"

"Kama kutoka nyumbani mpaka kituo cha tramu."

Aligeuka akanitazama. "Na ukarudi."

"Nikarudi."

Alifuta tope kwenye kitenge kwa kidole chenye mate, tope halikutoka. Nikafikiri tumemaliza, na nilikuwa nimeshaanza kupanga namna ya kumwambia daktari kwamba basi, tumeacha. Maana ahadi ni ahadi, hata mimi mwenye kinywa kibaya najua hilo.

"Kwa frigo," alisema, "iko Papa, iko Maman. Mimi siko."

"Ulikataa."

"Nilikataa. Sasa ile mutoto ataniitaje?" Akasimama, akanyoosha kitenge chenye tope, akavua kofia ya Odile, akafikiri, akairudisha. "Piga."

Nikampiga picha. Hakucheka. Nyuma yake linaonekana pipa la taka na kipande cha treni.

"Na ile shule," akasema akikaa, "inafungua saa ngapi asubui?"

Tulikwenda sote Jumatatu, yeye amevaa kitenge cha Pasaka. Alikaa nyuma ya darasa akitazama watoto wakipeana picha, hakuuliza kitu, na njiani kurudi alimbeba Esta kichwa wazi kupita mbele ya maduka yote tunayojulikana.

Picha yake niliibandika pembeni ya maji. Esta aliizunguka siku kadhaa. Alikuwa anaitazama, anaondoka. Mama mkwe naye alikuwa anapita jikoni bila sababu, anafungua firiji, hatoi kitu, anaifunga.

Juzi mchana nilikuwa napiga pasi. Nikasikia ule mlio wa picha ikibanduka. Esta akanipita bila kunitazama, ameshika kitu kifuani, akaenda mpaka chumba cha koko wake aliyekuwa amejilaza. Nilimfuata mpaka mlangoni. Akapanda kitandani, akafungua kiganja cha mama mkwe kidole kwa kidole, akaiweka ndani ile picha ya pale stesheni, akangoja.

Mama mkwe aliinuka, akaanza kutafuta kandambili zake kwa miguu.

"Nimesikia, mutoto yangu," alisema. "Niko nakuja."